Chupa Inangoja, Watu Hawangoji

Mafundisho ya Jumapili jioni, kama yalivyosemwa kwenye redio.
Masomo ya kusoma nyumbani: Yeremia 48:11, Luka 5:39, Yoane 2:1-11.

 

Leo nitazungumza juu ya divai. Ninajua wengine wameshtuka. Mnanijua: sinywi, na nyumbani kwangu chupa ya pombe haiingii. Lakini mwaka uliopita kijana mmoja wa kanisa letu aliniletea swali kutoka Ubelgiji, na swali lake lilinilazimisha kujifunza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiri. Amenipa ruhusa niyaeleze, bila kutaja jina lake.

Kijana huyo anafanya kazi katika ghala la kutunzia divai za watu. Kazi yake ni kupokea masanduku, kuandika namba, na kulaza chupa kwenye rafu. Ghala lina giza na baridi mwaka mzima. Matajiri wanalipa kila mwezi ili chupa zao zilale pale, na wengine hawaji kuziona hata mara moja katika miaka kumi.

Siku moja mtu wa kazini akamwambia kwamba anamjua muuzaji mwenye sanduku la chupa 12, divai nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, ya mwaka wa 2005. "Huo ni mwaka mkubwa," akamwambia. "Nunua, ngoja miaka kumi, utauza kwa faida." Bei ilikuwa sawa na feza zote ambazo kijana alikuwa ameweka kwa miaka miwili. Na feza hizo zilikuwa na kazi yake tayari: zilikuwa za mabati ya nyumba ya mama yake hapa kwetu, maana nyumba ile inavuja.

Akaniuliza hivi: "Pasta, ni zambi kununua divai ambayo sitaikunywa? Na kama si zambi, ni akili?"

Wapendwa, swali la kwanza nilidhani nitalijibu upesi. La pili ndilo lililoninyima usingizi. Nikaanza kuuliza na kusoma. Nisikilizeni polepole.

1. Mwaka mwema hautengenezwi na mtu

Kule Ufaransa mzabibu unazaa mara moja tu kwa mwaka. Wanavuna mwezi wa tisa au wa kumi, na mwaka wa mavuno unaandikwa kwenye chupa. Shamba ni lilelile, mizabibu ni ileile, mkulima ni yuleyule, lakini miaka haifanani. Mvua ikinyesha sana wakati wa mavuno, zabibu zinavimba kwa maji na kuoza. Kule Bordeaux miaka ya 1963, 1965 na 1968 ilikuwa mibaya, na wapenda divai hawaitafuti.

Sasa tazama mwaka wa 1945, mwaka ambao vita kubwa ilimalizika. Mwanzoni mwa mwezi wa tano ilishuka baridi ya usiku, ile inayoganda juu ya majani, ikachoma machipukizi. Mkulima aliyetoka asubuhi aliona mavuno yake yamekwisha kabla ya kuanza. Kisha jua likawaka kiangazi chote. Zabibu chache zilizobaki zilikuwa ndogo, zenye ngozi nene na nguvu nyingi. Divai ya mwaka ule ilikuwa kidogo, lakini watu wanaisifu mpaka leo. Mwaka wa 1961 ulifanana nao: matunda machache, halafu mwezi wa nane na wa tisa wenye joto na ukavu. Mwaka wa 1982 ulikwenda njia nyingine, maana jua lilikuja vizuri na mavuno yakawa mengi na mema pamoja. Wakusanyaji wa divai wanaitaja miaka hiyo kama sisi tunavyotaja mwaka wa njaa au mwaka wa mvua kubwa.

Kwa nini wanaitunza muda mrefu? Katika ngozi na mbegu za zabibu mna kitu kinachoitwa tanini. Mama anayesahau majani ya chai kwenye sufuria anaijua, ni ule ukali unaokausha ulimi. Divai nyekundu yenye nguvu, ikiwa changa, ina ukali huo mwingi. Miaka inapopita, tanini zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na sehemu yake inashuka chini ya chupa pamoja na rangi. Huo ndio mashapo. Rangi nayo inatoka kwenye zambarau inakwenda kwenye rangi ya matofali. Harufu ya matunda mabichi inapungua, inakuja harufu ya majani makavu, ngozi na tumbaku. Ndiyo maana Bwana wetu, katika Luka 5:39, alijua kwamba aliyezoea divai ya zamani hataki mpya.

Lakini shika neno hili, kwa sababu watu wengi wanalisahau. Sehemu kubwa ya divai ya dunia haifai kuwekwa. Inatakiwa kunywewa ndani ya miaka michache. Na hata ile ya mwaka mwema haipandi siku zote. Inapanda, inafika juu, inakaa hapo kwa muda, kisha inashuka. Baada ya hapo chupa ina etiketi ya heshima, na ndani mna maji mekundu machungu yasiyo na harufu. Na siku ile inapoanza kushuka, hakuna anayeiona. Chupa haikupigii simu.

2. Uchungu wa kulinda

Kulinda divai ni kazi. Inataka giza, maana mwanga unaiharibu. Inataka baridi isiyobadilika, digrii 12 au 13 hivi, na hewa yenye unyevu. Haitaki kutikiswa. Chupa inalazwa ubavu ili divai iguse kizibo na kizibo kisikauke. Hata hivyo, kwa miaka mingi divai inapungua polepole kupitia kizibo. Ndiyo maana mnunuzi wa chupa ya zamani anaweka taa nyuma ya shingo yake na kutazama divai imefika wapi.

Bei zinafika wapi? Katika Burgundy, Ufaransa, kuna shamba dogo linaloitwa Romanée-Conti, halifiki hekta mbili. Mwaka wa 1945 lilitoa chupa 600 tu. Baada ya mavuno hayo mizabibu ya zamani iling'olewa, ikapandwa mingine, na shamba halikutoa divai tena mpaka mwaka wa 1952. Mwezi wa kumi wa mwaka wa 2018, kwenye mnada wa New York, chupa moja ya mavuno yale ya 1945 iliuzwa dola 558,000. Chupa moja, wapendwa. Katika mitaa yetu hizo ni nyumba ngapi?

Sitaki tuwacheke. Nataka tuone jambo lililowapata wengine wao.

Mwaka wa 1985, mwezi wa kumi na mbili, chupa moja iliyoandikwa mwaka wa 1787 iliuzwa London kwa pauni 105,000. Iliaminiwa kwamba ilikuwa ya Thomas Jefferson, raisi wa tatu wa Marekani, kwa sababu herufi za jina lake zilichorwa kwenye kioo. Familia ya Forbes, wenye gazeti, iliinunua na kuiweka mahali pa maonyesho New York. Ikasimamishwa wima chini ya taa ili watu waione vizuri. Joto la taa likakausha kizibo, kizibo kikanywea, kikatumbukia ndani ya divai. Walitaka ionekane, na ile taa ya kuionyesha ndiyo iliyoiharibu.

Mwaka wa 1989 mfanyabiashara wa divai wa New York, William Sokolin, alikuwa na chupa nyingine yenye herufi zilezile na mwaka uleule wa 1787. Alitumaini kuiuza karibu nusu milioni ya dola. Aliichukua kwenda nayo kwenye chakula cha heshima katika hoteli ya chakula. Katikati ya watu chupa ikagonga meza na kutoboka. Divai ikamwagika juu ya zulia. Bima ilimlipa dola 225,000, lakini divai ya miaka mia mbili ilikunywewa na zulia.

3. Uongo unapenda chupa isiyofunguliwa

Sasa tufike mahali penye uchungu zaidi. Zile chupa za herufi za Jefferson ziliuzwa na Mjerumani Hardy Rodenstock. Tajiri wa Marekani Bill Koch, aliyenunua nne mwaka wa 1988, baadaye alileta wataalamu wa kuchunguza kioo. Walisema herufi zile zilichorwa kwa chombo cha umeme. Siku za Jefferson hapakuwa na chombo cha namna hiyo. Rodenstock alikana, akafa mwaka wa 2018 bado anakana.

Na kuna kijana aliyeitwa Rudy Kurniawan, mzaliwa wa Indonesia aliyeishi California. Mwaka wa 2006 alikuwa nyota wa minada, na chupa zake ziliuzwa kwa mamilioni ya dola. Mwaka wa 2008 alitoa chupa za shamba la Ponsot, Burgundy, za divai inayoitwa Clos Saint-Denis, na baadhi ziliandikwa mwaka wa 1945. Mwenye shamba, Laurent Ponsot, alipopata habari akapanda ndege kwenda New York kusimamisha mauzo. Kwa nini? Kwa sababu familia yake ilianza kutengeneza divai ile miaka ya 1980 na kuendelea. Chupa za 1945 haziwezi kutoka kwenye nyumba ambayo haikuzifanya. Mwezi wa tatu wa mwaka wa 2012 polisi wa Marekani waliingia nyumbani kwa Kurniawan. Walikuta chupa tupu, vizibo na maelfu ya etiketi, na maandiko ya jinsi ya kuchanganya divai za kawaida zifanane na za miaka mikubwa. Mwaka wa 2014 alihukumiwa miaka kumi gerezani.

Nilijiuliza: uongo mkubwa namna hii uliwezaje kuishi miaka mingi, kati ya watu wenye akili na feza? Jibu lilinitisha. Uliishi kwa sababu chupa nyingi hazikufunguliwa. Mtu ananunua, analaza gizani, anauza kwa mwingine, naye analaza gizani. Ambaye hafungui hawezi kujua. Anamiliki etiketi.

4. Neno la Yeremia

Nilipokuwa katika chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Kiebrania alituonyesha Yeremia 48:11. Nabii analia juu ya Moabu na kumfananisha na divai iliyokaa tangu ujana juu ya mashapo yake. Hajamiminwa kutoka chombo hiki mpaka chombo kile, kwa hiyo ladha yake haikubadilika. Tukadhani ni sifa. Mwalimu akasema: hapana, endeleeni kusoma, wanakuja watu wa kummimina. Kisha akaandika ubaoni neno la Kiebrania la mashapo, shemarim, na pembeni yake neno la kutunza, shamar. Herufi za mzizi ni zilezile. Yaani kitu kilichobaki chini kina ndugu katika neno la kulinda. Katika Isaya 25 neno hilo ni zuri, kwa sababu kule Bwana anaandaa karamu na divai iliyotunzwa inachujwa na kuletwa mezani kwa ajili ya mataifa yote. Katika Yeremia ni baya, kwa sababu divai haikumiminiwa mtu.

Divai iliyotunzwa ni moja. Tofauti ni kwamba moja ilifika mezani.

Nimejifunza pia kwamba kule Ulaya wako wazazi wanaonunua divai ya mwaka aliozaliwa mtoto wao. Wanailaza, wanangoja mtoto akue, na siku anapokuwa mtu mzima wanaifungua pamoja. Mimi sinywi, lakini desturi hiyo ninaielewa. Pale kungoja kuna jina la mtu na kuna siku iliyowekwa. Na wale wa Romanée-Conti walioing'oa mizabibu yao hawakufanya divai ya 1945 ili ilale kwa tajiri. Waliifanya ili watu wakae mezani na kufurahi.

Tazameni Kana. Mitungi sita ya mawe ilijaa mpaka juu. Bwana akaigeuza divai, na mkubwa wa karamu akashangaa kwamba iliyo nzuri ililetwa mwisho. Lakini Yesu hakusema ipelekwe ghalani. Alisema wachote, sasa hivi, wapeleke. Watu wa kijiji ambao majina yao hatuyajui walikunywa divai bora kuliko ya mwaka wowote, na jioni mitungi ilikuwa inashuka. Utukufu wake ulionekana kwa kumiminwa.

5. Valizi ya mama yangu

Sasa niseme habari ya nyumba yetu. Mama yangu alikuwa na vikwembe vitatu vya Uholanzi, vile vya kweli. Aliviweka katika valizi chini ya kitanda, na nafutalini ndani. Tulipomwuliza alisema: "Ni vya siku kubwa." Dada yangu mkubwa aliolewa, mama akavaa kingine. Mimi niliwekewa mikono niwe mchungaji, akavaa kingine. Kila mara ile siku haikuwa kubwa ya kutosha. Alipofariki tulifungua valizi ili tumvike kimoja. Kwenye mikunjo, nguo ilikuwa imekatika kama karatasi. Tulimzika mama na kikwembe cha kuazima kwa jirani.

Sisi hatuna maghala ya divai, wapendwa, lakini valizi tunazo. Mwingine anaweka sahani nzuri kabatini mpaka wageni wasiofika. Mwingine anaweka neno la msamaha kwa ndugu yake, anasema nitamwambia siku ya sherehe. Mwingine anaweka shukrani kwa mke wake. Ni vitu vyema, vya mwaka mwema kabisa. Lakini navyo vinapanda, vinafika juu, vinashuka, na siku ile haionekani.

Kwa hiyo nilimjibu kijana wetu hivi. Nikamwambia: kununua kitu chema na kukitunza si zambi kwa chenyewe. Lakini nijibu. Sanduku hilo lililala wapi tangu lilipotoka shambani, na nani anaweza kukuonyesha karatasi zake? Akasema hajui. Nikamwambia: unafanya kazi ghalani, unajua wenyewe kwamba divai iliyopigwa na joto miaka miwili imekwisha, hata kama etiketi inang'aa. Nikamwuliza tena: baada ya miaka kumi, nani ataifungua? Akasema hajui, atakayenunua. Nikauliza la mwisho: na wakati wewe unangoja miaka kumi, nani mwingine anangoja?

Akanyamaza. Nilisikia mashine za ghala upande wa pili wa simu.

Nikamwambia: mwanangu, divai ya 2005, ikiwa ni ya kweli na imetunzwa vizuri, inaweza kungoja. Ilifanywa kwa ajili ya kungoja. Mama yako hakufanywa hivyo. Ana miaka sabini na miwili, na usiku wa mvua anasogeza kitanda mara tatu akitafuta mahali pakavu. Huo ndio mwaka wake. Hautarudi kwenye mnada.

Hakunijibu siku ile. Wiki tatu zikapita, nikafikiri nimemkasirisha. Kisha mafundi wawili wa kanisa wakanipigia kuniuliza njia ya kwenda kwa mama huyo, kwa sababu mabati yamefika na wanataka kuanza kazi kabla mvua haijaongezeka.

Juma lililopita nilikwenda kumwona. Tulikaa ndani, mvua ikapiga, na pale chini hapakuanguka hata tone moja. Lakini makelele yale juu ya mabati mapya! Mama akacheka, akaniambia kwa sauti kubwa karibu na sikio: "Pasta, sasa mvua ikinyesha siisikii tena redio yako!"

Kwa hiyo, mama, kama huko kwako kunanyesha saa hii, usijali. Maneno haya yatachapishwa kwenye karatasi, na mjukuu wako atakusomea. Na wewe mwingine unayesikia, kabla ya kulala leo, vuta valizi yako chini ya kitanda na uifungue.

Mungu awabariki. Amina.